Mmaasai Aliyezikwa Natta

Jumanne, tarehe 14 Septemba 1976. Asubuhi hiyo ukungu ulishuka kutoka milimani ukalala juu ya kijiji chetu cha Kewanja, na baridi ilikuwa ya kuuma masikio. Mvua haikunyesha. Hata hivyo nyasi zililowa umande, na kila aliyepita aliacha njia nyeusi nyuma yake.

Njia ya namna hiyo ilitoka nyumbani kwa shemeji yangu Wangwe, ndugu wa mume wangu, ikaja mpaka mlangoni pangu. Kutoka hapo zilikwenda njia mbili, sambamba, kuelekea shamba la kijiji. Nilirudi ndani nikakuta ngozi anayolalia mwanangu Simioni iko tupu. Panga la baba yake, lililokuwa limechomekwa darini, halikuwepo.

Nilisema, "Bwana, mzuie," nikakimbia.

Mume wangu Waitara alipotea mwaka 1969. Wezi walichukua ng'ombe wetu, naye akafuata nyayo pamoja na jirani yetu Heche. Heche alirudi peke yake akichechemea. Alisema mguu wake ulivimba kwa mwiba, wakaachana kwenye mto Mara, Waitara akavuka kwa ukaidi wake. Watu wakauliza: mwanamume gani anamwacha mwenzake kwenye nyayo? Tena wote walikumbuka kwamba miezi michache kabla ya hapo wawili hao walipigana kwa sababu ya fahali, Waitara akamlaza Heche chini mbele ya wanawake, na Heche alipoinuka alisema, "Wewe utakufa nikiona."

Basi ukoo wa mume wangu uliamua kwamba Heche alimwua na kumtupa mtoni. Polisi walikuja wakauliza, wakaenda. Mwili haukuonekana. Kwetu mtu ambaye hajazikwa hana matanga, na mke wake hanyoi nywele. Nilikaa hivyo, si mke wala si mjane. Wangwe alikuwa akimwambia Simioni tangu angali mdogo, "Ukishatahiriwa, mura, baba yako atalipwa." Mura kwetu ni kijana wa kiume, na Simioni alikwisha kutahiriwa.

Halafu mwaka 1974 serikali ilituhamisha kutoka mabondeni na vilimani, ikatupanga kwa mistari katika kijiji cha ujamaa. Aliyepima mistari hakuuliza nani anamchukia nani. Nyumba ya Heche ikawa karibu na yangu. Tulichota maji kisima kimoja, tukalima shamba moja, na jioni katika darasa la kisomo cha watu wazima mwalimu alitupa kitabu kimoja mimi na Heche, kwa kuwa vitabu havikutosha. Heche alishika penseli kama mtu anayeshika mpini wa jembe, lakini herufi zake zilikuwa nzuri kuliko zangu. Mara nyingi niliutazama mkono wake wa kulia ukitembea juu ya karatasi nikamwuliza Mungu, "Ni huu?"

Nilipofika shambani watu walikuwa wameanza kung'oa visiki. Heche alikuwa katikati yao, jembe begani. Wangwe alisimama mbele yake, na Simioni ubavuni kwa Wangwe.

"Leo utatuonyesha ulikomweka," Wangwe alisema.

"Wangwe, umelewa asubuhi yote hii?"

"Nimelewa maneno yako. Nimeyanywa miaka yote hii."

Heche alicheka. Alikuwa mtu wa mzaha, na mzaha ulimwangusha. Alimgeukia Simioni akasema, "Na wewe, mura, rudi kwa mama yako. Maziwa yangali yanakutoka mdomoni."

Simioni aliinua panga. Heche alitupa jembe akaweka mkono wa kulia juu ya kichwa chake. Panga lilishuka, na mkono ulianguka kwenye udongo mpya. Niliuona. Vidole vilijikunja mara moja, kama vinavyoshika kitu, kisha vikalegea.

Heche alipiga magoti akiutazama. Wangwe aliinua panga lake ili amalize kazi. Nilijirusha juu ya Heche, na panga la shemeji yangu likanipata begani. Sikusikia maumivu wakati ule, nilisikia moto tu. Nilimsikia Simioni akipiga kelele, "Mama! Umemkata mama!"

Ndugu yake Heche, jina lake Mokami, alikuwa na upinde. Mshale wake ulimwingia Wangwe pajani, akauvunja kwa mkono na kumfuata Mokami huku kijiti kikining'inia. Ndipo watu wote wakaingia, ukoo kwa ukoo. Majembe yalipiga vichwa. Niliona mzee mmoja akitafuta taya lake kwa vidole, limekaa upande. Mwenyekiti wa kijiji, Nikolaus, alikuwa akizunguka akipiga kelele, "Acheni! Acheni! Hili ni shamba la kijiji!"

Mtu mmoja alimjibu, "Basi hesabu na mkono wa Heche kwenye mavuno!"

Mgambo walifyatua bunduki hewani na watu wakatawanyika. Nilikuwa nimevua kitambaa changu cha kichwa, nakifunga juu ya kiwiko cha Heche kwa nguvu zangu zote. Alinitazama. Midomo yake ilikuwa ya kijivu.

"Mguu ulikuwa umevimba, Regina," alisema. "Nilimwambia tulale hapa, tutavuka kesho. Akaniita mwanamke. Akavuka."

Maneno yale yale aliyoyasema mwaka 1969. Hakuongeza hata moja.

Polisi walipofika zahanati kumwuliza nani alimkata, Heche alisema hakumwona. Hakusema hivyo kwa huruma. Alitaka jambo lake liende kwenye ritongo, baraza la wazee wetu, ambako damu hujibiwa kwa namna tunayoijua. Wazee waliamua kusubiri jeraha likauke. Siku ya baraza ukoo wetu ungepaswa kuonyesha kwamba Heche aliua. Tukionyesha, mkono wake umelipa kidogo tu, naye atatafutiwa mengine. Tukishindwa, mkono wa Simioni utawekwa juu ya gogo, na Mokami ndiye atakayeshika panga.

Simioni alikimbilia kwa kaka yangu, kijiji cha Genkuru. Wangwe alilala na paja lake lililovimba, na watu wa ukoo walimletea pombe na kumsifu. Mimi nilikwenda zahanati na maziwa. Mke wa Heche alinitemea mate mlangoni. Nilijifuta nikaingia.

"Nyayo zilielekea wapi?" nilimwuliza Heche.

"Zilikwenda kusini. Upande wa Natta."

"Kwa nini hakuna aliyekwenda kuangalia?"

"Waulize watu wako. Walikuwa wameshanipata mimi."

Usiku huo sikulala, nilipiga magoti. Nilisema, "Bwana, nionyeshe Waitara alipo. Lakini kama nikimwona na Heche akawa hana kosa, mwanangu atakuwa amemkata bure, na watamkata. Sijui nikuombe nini. Chagua wewe." Asubuhi nilifunga bega langu, nikachukua unga wa mtama, nikaondoka.

Mto Mara ulikuwa na maji machache. Nilivukia kwenye mawe pamoja na wanawake wa upande wa pili waliokuwa wakirudi sokoni. Waliniuliza niendako. Niliposema ninamtafuta mume wangu, mmoja alisema, "Wa kwangu akipotea sitavuka hata mfereji," na wenzake wakacheka, na mimi nikacheka nao, kwa sababu nilikuwa sijacheka siku nyingi.

Natta ni nchi tambarare, ya ng'ombe na ya wanyama wa porini. Kinata na Kikurya chetu ni lugha ndugu. Ukisema polepole mnaelewana. Nilikwenda kwanza kanisani, nikawasalimu kina mama waliokuwa wakifagia, nikawaambia habari yangu. Mmoja wao, Efrazia, mtu mzima kuliko mimi, alinikaribisha kwake. Alinipa maji ya kunawa, kisha akanipa uji, na nilipokwisha kunywa ndipo alipojibu.

"Mama, hapa hakuuawa Mkurya mwaka huo. Tungejua. Aliuawa Mmaasai tu."

"Mmaasai?"

"Mwizi wa ng'ombe. Mume wangu ndiye aliyemwua. Hujasikia? Huku wote wanamjua Athanas."

Alisema hivyo lakini hakunitazama. Kisha akanieleza desturi yao ya zamani. Mwanamume akiua simba, au akiua Mmaasai vitani, hufanyiwa ngoma. Huzungushwa nyumba kwa nyumba akiimbiwa, na kila nyumba humpa zawadi, mbuzi au ndama. Tangu hapo jina lake hubadilika. Athanas alizungushwa hivyo. Mpaka leo kwenye harusi yeye hupewa nyama kwanza.

"Alijuaje kuwa ni Mmaasai?" niliuliza.

"Masikio yalitobolewa, ndewe zinafika begani. Tena alijifunga shuka nyekundu."

Wanaume wetu wa rika la Waitara walitoboa masikio na kuyavuta vilevile. Na shuka nyekundu aliyoondoka nayo Waitara niliinunua mimi mwenyewe.

Nilimwuliza jambo moja tu. Kila mtu wa kwetu anajua kwamba Wamaasai hung'oa meno mawili ya mbele, ya chini. "Mama Efrazia, huyo Mmaasai wenu alikuwa na pengo?"

Alichukua kibuyu, akakiweka. Akakichukua tena. Nje tulisikia kikohozi cha mwanamume, na Athanas akainama mlangoni akaingia. Alikuwa mrefu, mwenye mvi, na mkononi alishika usinga wa mkia wa ng'ombe.

"Shikamoo, mzee," nilisema.

"Marahaba. Nimesikia kuna mgeni kutoka Tarime. Huko wanakotoka wanaotuibia."

"Ndiyo, mzee. Na huku ndiko wanakouawa."

Aliketi polepole. Efrazia alisema, "Anauliza habari ya meno." Kuku aliingia ndani, akadonoa, akatoka.

"Twende ukaone," Athanas alisema.

Palikuwa ni rundo la mawe karibu na korongo. Hawakumchimbia, walimfunika tu ili fisi wasimburute mpaka nyumbani kwa watu. Wanawe wawili, watu wazima, waliondoa mawe kwa amri yake. Watu kadhaa walikusanyika kutazama. Chini ya mawe palikuwa na mifupa na vipande vya nguo vilivyokuwa vyekundu zamani.

Niliutafuta mkono wa kushoto. Mwaka wa kwanza wa ndoa yetu fahali alimrusha Waitara, mkono ukavunjika chini ya kiwiko, na mimi ndiye niliyeufunga kwa vipande vya mianzi. Sikujua kazi hiyo. Uliunga ukiwa umepinda, na alikuwa akinitania kwamba nimempa mkono wa kuchotea asali mzingani. Niliuona mfupa umepinda pale pale. Niliushika. Kisha nikashika taya. Meno ya chini yalikuwepo yote, hakuna hata moja lililong'oka.

"Ni mume wangu," nilisema. "Huyu ni Waitara, mwana wa Kewanja."

Mmoja wa watazamaji alisema, "Athanas, mama huyu anasema nini?"

Athanas aliuweka usinga wake chini. Alisimulia akiwa amesimama, bila kupunguza neno, na namwachia Mungu hesabu yake. Walisikia yowe asubuhi kwamba ng'ombe wamechukuliwa. Walikimbia na pinde. Wezi walikuwa wamekwisha kupita, lakini kwenye korongo walimwona mtu ameinama anakunywa maji kwa kiganja, shuka nyekundu, ndewe zinaning'inia. Athanas alikuwa mbele. Alimpiga mshale shingoni, ukatokea upande wa pili. Mtu yule alijaribu kusema na sauti haikuwepo. Alitambaa kwenye maji. Wengine wakafika, na kila mmoja akamchoma mkuki ili naye awe na sehemu, mpaka maji ya korongo yakageuka rangi. Walikuwa wameshaanza kuimba Athanas alipomgeuza ili achukue bangili yake. Mdomo ulikuwa wazi.

"Niliona meno," Athanas alisema. "Nilijua siku ile ile. Lakini walikuwa wanaimba jina langu, mama. Nikaufunga mdomo wake kwa mkono huu."

"Angekuambia neno moja tu ungejua ni nani."

"Mshale ulimtangulia."

Nami nawaambieni ukweli, nilikuwa nimekuja nikiwa na sala mdomoni, lakini jiwe lilikuwa mkononi. Nilimpiga nalo kinywani. Nilisikia kitu kikivunjika. Alianguka chali juu ya mawe aliyomfunikia mume wangu, damu ikamjaa kidevuni, nami nikainua jiwe mara ya pili. Wanawe walinirukia. Mmoja alinishika koo, mwingine alinipindua bega lenye jeraha, nikapiga ukelele. Efrazia aliingia katikati akiwachapa wanawe kwa usinga wa baba yao.

"Mwacheni! Mwacheni! Alichofanya ni kidogo!"

Athanas aliketi, akatema damu. Alisema kwa shida, "Mwacheni."

Nilikaa chini. Niliomba msamaha kwa Mungu, si kwa Athanas, na mpaka leo sijui kama ulikuwa msamaha wa kweli, kwa kuwa mkono wangu ulikuwa bado unataka jiwe. Efrazia alitandika khanga yake, tukakusanya mifupa sisi wawili. Alipofika kwenye taya alilishika kwa muda mrefu.

"Aliniambia usiku ule wa ngoma," alisema. "Nilikuwa napika nyama za sherehe. Niliendelea kupika."

Kisha akasema atakwenda nami Kewanja kushuhudia. Athanas alisikia. Hakumkataza.

Tulifika nyumbani jioni ya siku ya tatu, tumepokezana mzigo njia nzima. Wangwe alikuja akichechemea na fimbo. Nilipofungua khanga alipiga magoti akamlilia kaka yake kwa sauti ya kweli, akaukumbatia mkono ule uliopinda. Halafu akanyamaza na kufuta macho.

"Ulimpata wapi?"

Nilimwambia yote. Uso wake ulibadilika kidogo kidogo, kama maji yanayopoa.

"Nani aliyekuona ukija?"

"Mungu."

"Na mwingine?"

"Huyu mama."

Alimtazama Efrazia kama mtu anayepima mbuzi. "Sikiliza, shemeji. Kesho kutwa ritongo inakaa. Tutasema mifupa hii imefukuliwa kwenye mji wa zamani wa Heche, kule bondeni. Nani atabisha? Kule sasa hakuna mtu. Heche atamalizwa, Simioni atabaki na mkono wake na jina la kumlipia baba yake. Mwanamke huyu arudi kwao alfajiri. Asiporudi, mto Mara hauko mbali."

"Heche hakuua, Wangwe."

"Mkono umeshakatwa! Utaurudisha?" Alinishika bega, palepale penye jeraha alilolifanya mwenyewe, akaliminya mpaka damu ikapenya nguo. "Ukisema ukweli huo wako, unamkata mwanao. Wewe, mama yake. Si Mokami."

Alipoondoka, Efrazia aliosha bega langu. Nilimwona akiwa ameinama na kile kitambaa, nikamfikiria akipika nyama huku anajua. Miaka yote hiyo amekula na mtu, amelala na mtu, wote wawili wamefunga midomo. Na kwa midomo yao miwili, Heche alikuwa ameketi zahanati akijifunza kula kwa kushoto.

Siku iliyofuata nilikwenda Genkuru. Nilimkuta Simioni nyuma ya zizi la mjomba wake, nikamweleza. Hakukatiza. Mwishoni aliuliza jambo moja tu.

"Baba alikuwa na meno yote?"

"Yote."

Alitazama mikono yake. Nilimwambia, "Mpaka wa Sirari ni hapo tu. Ukivuka Kenya leo, kesho hawatakupata. Lakini mimi nitasema. Siwezi kumzika baba yako juu ya uongo." Nilirudi peke yangu bila kujua kama nimemwona kwa mara ya mwisho.

Ritongo ilikaa kwenye uwanja wa josho, jua likiwa kali. Wazee waliketi mbele juu ya viti vyao vya miguu mitatu, mkubwa wao akiwa mzee Nyangwine. Mwenyekiti Nikolaus alikuwepo pia, lakini alikaa kando, maana jambo hili halikuwa la ofisi yake. Watu wa Heche walikaa kushoto, wetu kulia, na silaha zilikuwa miguuni mwa wote. Katikati palikuwa na gogo la mkuyu, na panga la Mokami limelazwa juu yake. Heche aliletwa na mke wake, kigutu kimefungwa kitambaa.

Wangwe alitangulia. Aliinua khanga yenye mifupa akaanza, "Wazee, huyu ni kaka yangu. Amepatikana kwenye mji wa zamani wa—"

"Amepatikana Natta," nilisema.

Mwanamke haanzi kusema kwenye ritongo. Vijana walinizomea. Mzee Nyangwine aliinua mkono. "Mwacheni. Ni mifupa ya mume wake."

Nilisema yote: korongo, mshale, ndewe, shuka, ngoma, meno. Nilionyesha mkono uliopinda, na wazee wawili waliomjua Waitara waliushika na kukubali kwa kichwa. Kisha Efrazia alisimama mbele ya watu asiowajua akasema, "Aliyeua ni mume wangu, Athanas wa Natta. Nilijua nikanyamaza. Mtu wenu huyu," akamwonyesha Heche, "sijawahi kumwona."

Wangwe alinyakua mkuki akamrukia. Niliuona mkuki ukipita karibu na shavu la Efrazia, ukachoma ardhi. Wanaume wanne wa ukoo wetu wenyewe walimwangusha Wangwe na kumkalia, naye akapiga kelele huku akila vumbi, "Mmeuza damu yetu! Mmeuza!" Upande wa pili pinde zilikuwa zimeshavutwa. Mama mmoja alizirai. Ilibaki kidogo tu damu imwagike.

Heche hakusogea. Alikuwa analia, bila sauti, na kwa kuwa alizoea kujifuta kwa mkono wa kulia aliinua kigutu usoni, akakiona, akakishusha.

Mokami alisimama akachukua panga. "Basi mmesikia," alisema. "Kaka yangu hakuua. Simioni yuko wapi? Au amekwenda kunyonya?"

"Nipo hapa, tata Mokami."

Alitokea nyuma ya josho, naye alimwita tata, yaani baba. Sikujua kama alikuwepo tangu mwanzo. Alipita katikati ya watu mpaka kwenye gogo, akapiga magoti, akaweka mkono wake wa kulia juu yake na kukunjua vidole. Hakunitazama. Nilifumba macho nikasema moyoni, "Bwana, Bwana," na sikuwa na neno jingine.

Nilisikia Mokami akivuta pumzi.

"Ngoja," Heche alisema.

"Ngoja nini?"

"Ukiukata, mimi nitakuwa na mikono mingapi?"

Mokami alisimama na panga hewani. "Mmoja."

"Na sasa ninayo mingapi?"

"Mmoja."

"Basi lishushe, utachoka bure." Watu walinung'unika. Heche alimgeukia mwanangu, na uso wake haukuwa na upole hata kidogo. "Usidhani nimekusamehe, mura. Sijakusamehe. Kila ninapoamka ule mkono unaniwasha, nakwenda kuukuna, haupo. Ng'ombe wangu wanalia asubuhi, siwezi kukamua. Siwezi kufunga ndama. Siwezi hata kufunga suruali yangu, mke wangu ananifunga kama mtoto." Wachache walicheka, wakaona aibu, wakanyamaza. "Mkono wako ukitupwa kwa mbwa haunisaidii. Sema hapa, mbele ya wazee na mbele ya mifupa ya baba yako, utanifanyia nini. Na useme kwa sauti, wote wasikie. Nikiona ni maneno tu, Mokami bado ana panga."

Simioni hakuondoa mkono wake kwenye gogo. Aliinua kichwa. Sauti yake ilitetemeka mwanzoni, lakini haikukatika.

"Mimi Simioni, mwana wa Waitara aliyeuawa Natta, nilimkata mtu asiye na kosa. Tangu leo mkono wa Heche ni mimi. Nitamkamulia ng'ombe wake kabla ya wetu. Nitalima shamba lake kabla ya langu. Nitafunga ndama wake, na suruali yake nitaifunga mimi, watu wacheke. Akipigwa nitasimama upande wake, hata kama anayepiga ni Wangwe. Siku akifa, nitamchimbia kaburi kwa mikono hii miwili. Na ninyi wazee, gogo hili lisiondolewe hapa. Siku nitakayoshindwa, msinitafute. Nitakuja mwenyewe niuweke mkono wangu hapa."